Kutoka Bunkeya hadi Ukingo wa Luanza

Msiri alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Aliyempiga alikuwa Omer Bodson, afisa Mbelgiji katika msafara ulioongozwa na William Stairs kwa niaba ya Mfalme Leopold II, naye Bodson mwenyewe alijeruhiwa na watu wa Msiri hata akafa. Shuleni tulifundishwa tukio hilo kama mwisho wa habari: mfalme wa Wayeke ameanguka, bendera ya buluu yenye nyota imepandishwa, Katanga imeingia mikononi mwa Leopold, sura imefungwa. Lakini Bunkeya ulikuwa mji wa maelfu ya watu, na watu hao hawakufa siku aliyokufa mfalme wao. Walikwenda wapi?

Baadhi walibaki na Mukanda Bantu, mwana na mrithi wa Msiri, ambaye Wabelgiji walimweka karibu na kituo chao cha Lofoi kwa miaka mingi. Wengine walirejea makwao, ikiwa makwao bado palikuwapo. Katika mji ule walikuwamo pia watu wasiokuwa na pa kurejea: wanawake waliotekwa vitani, vijana waliouzwa kwa vitambaa na baruti, watoto waliozaliwa na mama Mluba na baba ambaye hakuna aliyejua ametoka nchi gani. Wengi wa hao, wakiikimbia njaa iliyoikumba Bunkeya mwaka ule, waliifuata njia ya mashariki. Njia hiyo iliwateremsha hadi ziwa Mweru, na huko kundi moja likajenga mji juu ya ukingo wa jabali, mahali panapoitwa Luanza. Mbele yao palikuwa na maji matupu.

Nimeifuata njia hiyo kwa vipande, kwa kamyo panapopitika na kwa miguu panapokataa, na kipande cha mwisho kwa mtumbwi wenye mashine. Nilitaka kuwajua watu wale. Nilitaka pia kuiona pwani yenyewe, maana mandhari ya upande wa magharibi wa Mweru ni ya kuvutia kuliko karibu yote yaliyomo Haut-Katanga, na sisi wa Lubumbashi hatuijui. Tunajua migodi. Tukipata mapumziko tunawapeleka wageni kwenye bustani ya wanyama ya mjini, na mwenye gari la nguvu huenda Kundelungu kuyaona maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300 kwa mkupuo mmoja. Ziwa tumewaachia wavuvi na wachuuzi.

Barabara ya Kasenga hutoka mjini kuelekea kaskazini-mashariki na kuingia katika miombo. Nilipita mwezi wa Septemba, kabla mvua haijaanza, wakati miombo inapotoa majani mapya, na majani hayo huwa mekundu, ya rangi ya shaba, ya waridi, mpaka msitu mzima unaonekana umeiva. Ni wiki chache tu kwa mwaka. Kwa sehemu kubwa ya mwanzo wa safari uzuri huo uko mbali na barabara, kwa sababu kandokando ya barabara miti imekwisha kukatwa. Njia nzima unapishana na baiskeli zinazokuja mjini, kila moja imebeba magunia ya makala yaliyopangwa kumzidi kimo mwenye kuisukuma. Lubumbashi inapika bukari kwa makala hayo. Nyumbani kwangu pia tunapika kwa makala hayo, na sioni njia ya kuwalaumu vijana wale wanaosukuma.

Kasomeno ni njia panda. Ukiendelea mashariki unafika Kasenga, kwenye mto Luapula. Ukigeuka kaskazini unashika njia ya Kilwa na Pweto. Niliteremka kwanza Kasenga, kwa kuwa huwezi kusimulia Mweru bila kuusimulia mto unaoujaza. Kwa miaka mingi kabla ya Uhuru, samaki waliolisha wafanyakazi wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, walitoka hapa, na biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa Wagiriki waliokuwa na maboti, barafu na malori. Chini ya mto, Kashobwe, ndiko alikozaliwa Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes aliyefanya biashara ya samaki. Samaki mkubwa wa enzi zile alikuwa mpumbu. Msimu wa mvua alipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, na watu walimngojea kwa nyavu. Waliongeza nyavu kwa kuwa mji uliongeza midomo. Kufikia katikati ya karne ya 20 misafara ile ya mpumbu ilikuwa imekwisha. Leo soko la Kenya, hapo Lubumbashi, limejaa tomson aliyegandishwa ambaye amevuliwa baharini, upande wa Namibia, na kuletwa kwa malori kupita nchi mbili.

Nimemtaja mpumbu kwa kuwa habari ya njia hii yote ni hiyo. Kila kilichowaleta watu Mweru kilikwisha mikononi mwa waliokifuata, na kilichotangulia kwisha ni tembo.

Njia yenyewe ni ya kale kuliko Msiri. Mwaka 1806 wafanyabiashara wawili Waafrika waliotumwa na Wareno wa Angola, Pedro João Baptista na mwenzake Amaro José, walikatiza nchi hizi wakafika kwa mfalme Mwata Kazembe, upande wa pili wa Luapula. Kazembe akawaweka karibu miaka minne kabla hawajaruhusiwa kuendelea hadi Tete, kwenye mto Zambezi. Mwaka 1867 alipita Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili anasimulia alivyomvamia Nsama, mkuu wa Itawa, mashariki ya Mweru, akamshinda na kutoka na shehena kubwa ya pembe na shaba. David Livingstone, akiwa mgonjwa na bila dawa, aliandamana kwa muda na watu wa misafara hiyo ya pwani, na tarehe 8 Novemba mwaka huohuo akafika ziwani. Alikaa ng'ambo. Kutoka huko aliitazama milima ya upande wetu, aliyoiita milima ya Rua, kisha akateremka kusini kwenda kwa Kazembe. Kichwani mwake maji haya yalikuwa chanzo cha Nili.

Msiri, mtu wa asili ya Usumbwa, huko ambako leo ni magharibi ya Tanzania, alikuja kwa njia ya baba yake Kalasa, mfanyabiashara wa shaba. Aliuona utajiri wa nchi akakaa. Bunkeya aliyoijenga ilikuwa na shaba iliyoyeyushwa kwa umbo la misalaba, ilikuwa na chumvi ya Mwashya, ilikuwa na watumwa; lakini iliishi kwa pembe. Pembe zilikuwa mali ya Mwami, yaani mfalme. Zilitoka kwa milango miwili: wa magharibi, kupitia Bihé hadi Benguela kwenye bahari ya Atlantiki, na wa mashariki, kupitia nchi za Luapula na Mweru, Tanganyika na Tabora, hadi Bagamoyo. Kila pembe iliyoondoka ilirudi kama bunduki na baruti, na baruti hiyo ikatumwa kutafuta pembe nyingine, mbali zaidi kuliko ya kwanza. Kwa mlango huo wa mashariki Kiswahili kilikuwa kimefika Bunkeya kabla mtu yeyote hajaota reli. Kambi za kampuni ya migodi, Union Minière, zilikikuta kimeshajulikana, zikakikuza.

Ninasema haya kwa sababu msafiri wa leo anayekwenda Mweru kutafuta wanyama anatembea juu ya njia iliyowamaliza. Lugha ninayoiandika hapa ilikuja mgongoni mwa wapagazi walewale waliobeba pembe. Sioni haya kwa lugha yangu, naipenda, lakini siwezi kusimama kwenye ufuko usio na tembo nikajifanya sijui walikokwenda.

Kilwa iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Lubumbashi, na hapo ndipo ziwa linapojifungua. Mweru una urefu wa karibu kilomita 130 na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Kusini, unakoingia Luapula, ni wa kina kifupi, mafunjo na matope. Kadiri unavyokwenda kaskazini kina kinaongezeka, na upande wa Kongo milima inasogea hadi kwenye maji, kwa kuwa ziwa limelala katika bonde lililopasuka na kuzama, na ukuta wa mpasuko huo uko kwetu. Zambia wana tambarare na mchanga na miji ya wavuvi iliyofuatana, Nchelenge na Kashikishi. Sisi tuna magenge. Katikati ya maji, mbele ya mji, kuna kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia.

Mji wa Kilwa una jeraha ambalo sitalipita kimya. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini. Jeshi la serikali lilikuja kuutwaa tena, na katika siku hizo waliuawa zaidi ya watu 70, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, wengi wao raia, baadhi bila silaha wala kesi. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi haikumtia hatiani yeyote kwa mauaji hayo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu baadaye iliiona dola ya Kongo kuwa na hatia na kutaka walioathirika walipwe. Watu wa Kilwa wanakuonyesha ziwa, bandari, kanisa, na ukikaa nao vya kutosha wanakuonyesha mahali.

Kutoka Kilwa nilipanda mtumbwi wa mizigo. Ulibeba mafuta, sabuni, mabati, kuku, na akina mama waliokuwa wanarudi kutoka kuuza. Asubuhi ziwa linatulia, na mwenye chombo huondoka kabla ya jua ili kuuwahi upepo wa kusini-mashariki ambao mchana, hasa wakati wa kiangazi, husukuma mawimbi moja kwa moja kwenye ufuko wa Kongo. Kwenye maji ndiko unakoielewa pwani hii. Vilima vinaanza kama mabega ya mbali, kisha vinakaribia, kisha vinasimama juu yako: mawe mekundu, miti iliyoshika nyufa, mabonde membamba yanayoteremsha vijito wakati wa mvua. Pale bonde linapofunguka pana kijiji na mihogo. Pale lisipofunguka hakuna mtu kwa mwendo mrefu.

Na ndege! Furukombe walikuwa wawili wawili kila baada ya mwendo, mmoja juu ya mti uliokauka, mwingine akijibu kutoka kwenye jiwe, na wanapoita hurusha kichwa nyuma mpaka kinagusa mgongo. Minandi walikaa kwenye nguzo za nyavu wamefungua mabawa wakikausha manyoya. Mdiria wa madoadoa meusi na meupe alisimama hewani mbele yetu, mabawa yakipiga bila yeye kusogea, akajitupa, akatoka na kisamaki. Yangeyange walipita chini kwa mstari. Mama mmoja aliyeketi juu ya gunia la unga aliniona ninavyotazama akanionea huruma, akaanza kunitajia kila ndege kwa jina la kwao na kuniambia yupi analiwa na yupi haliwi. Nikamwuliza habari za viboko.

"Zamani balikuwaka mingi," alisema. "Sasa utaona moja, siku ingine hata moja huone. Mamba njo bamebakia. Usioge pale penye majani, mwanangu."

Tulisimama Lukonzolwa kupakua mafuta. Ningependa kila mkazi wa Lubumbashi apaone mahali hapa walau mara moja. Comité Spécial du Katanga ilipoundwa mwaka 1900 ili kuitawala nchi hii yote, makao yake yaliwekwa hapa, juu ya Mweru. Katanga ilitawaliwa kutoka ufukoni, kwa sababu watawala wenyewe waliingia kwa njia za zamani na macho yao yalikuwa mashariki na kusini, wakiwaogopa Waingereza walioko ng'ambo. Kisha mambo mawili yaliihamisha. Homa ya malale ilienea katika bonde la Luapula na Mweru, hata karibu na mwaka 1908 Waingereza walianza kuwahamisha watu wao kutoka kingo za mto. Na shaba ilikuwa kusini. Reli iliyotoka Sakania ilifika Élisabethville Septemba 1910, tanuru likaanza kuyeyusha mwaka 1911, na Katanga ikageuza uso. Mtu anayeshuka Lukonzolwa leo anakuta kijiji cha wavuvi. Hakuna kibao kinachosema kwamba hapa palikuwa mji mkuu kabla ya mji wetu kuwapo.

Luanza hauko mbali na hapo. Mtumbwi unafika chini, kwenye ufuko mwembamba ambao wavuvi wanauita bandari, na njia ya miguu inapanda ukingoni. Ukifika juu unageuka kupumua, na ndipo unapoliona ziwa lote la kaskazini kwa mara moja: ng'ambo ya Zambia ni uzi wa kijivu, upande wa Pweto milima inabanana kana kwamba inataka kulifunga ziwa, na chini ya miguu yako furukombe anaruka, unamtazama mgongoni. Sijawahi mahali pengine Katanga kumtazama tai kutoka juu. Pimbi walikuwa wamejianika kwenye mawe. Nyuma yangu kulikuwa na mji, miembe mikubwa, na watoto wa shule waliokuja kuona nani amepanda.

Aliyewakusanya watu wa Bunkeya mahali hapa, kwa jinsi vitabu vinavyosema, ni Dan Crawford, Mskoti aliyefika kwa Msiri Novemba 1890 akiwa kijana wa miaka 19, mmisionari wa kundi la Kikristo liitwalo Ndugu, lililokuwa limetangulizwa Bunkeya na Frederick Arnot mwaka 1886. Aliishi chini ya ulinzi wa Msiri, na mara nyingine chini ya hasira yake, akayaona maanguko ya mfalme huyo. Katika miaka michache iliyofuata alihamia Mweru, na Luanza ikawa makao yake hadi alipofariki hapo Juni 1926 kwa jeraha la mkono lililooza. Watu walimpa jina la Konga Vantu, mkusanya watu. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kisanga, na kitabu chake cha mwaka 1912, Thinking Black, kilisomwa sana Ulaya.

Nimekisoma. Kina kurasa za huruma na kurasa za dharau, wakati mwingine katika sentensi moja, na hata pale anapoipenda Luanza anaisimulia kana kwamba ilimea chini ya kivuli chake. Jina lile la mkusanyaji linamweka yeye katikati. Lakini watu hawakukusanywa kama kuni. Walitembea. Waliutoka mji ulioungua kwa njaa na kisasi, wakavuka mto Lufira, wakakabili uwanda wa Kundelungu ambao juu yake usiku wa kiangazi ni baridi ya kuumiza, wakiwa na watoto, bila uhakika kwamba kituo cha mbele hakina mtu wa kuwakamata tena. Njia ile ilijulikana kwao kama njia ya kupelekwa kuuzwa. Walioichukua kwa hiari yao, kuelekea upande uleule walikopelekwa watumwa, walikuwa wamefanya uamuzi mkubwa, na uamuzi huo ni wao.

Pia walipachagua mahali. Mimi naamini hivyo baada ya kupaona. Maji yako mbele na ukingo mrefu hauruhusu mashua kuja kimyakimya. Nyuma kuna vilima vya kukimbilia. Miaka ile ya 1890 ziwa lilikuwa bado na wauzaji wa watu. Wafanyabiashara wa pwani ya bahari, wenye bunduki, walikuwa na maboma Luapula, na mwaka 1897 afisa Clément Brasseur wa Dola Huru ya Kongo alikufa akishambulia boma la Chiwala. Mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja anajua pa kujenga nyumba. Uzuri unaotusimamisha leo ukingoni na kutufanya tutoe simu tupige picha ulikuwa kwao ulinzi: waliweza kuona nani anakuja, na kumwona mapema.

Nilipelekwa kwa mzee anayeheshimiwa kwa kumbukumbu zake. Nilipiga magoti kumsalimu kama inavyopasa, akanikalisha chini ya mwembe, tukaanza kwa habari za mji, bei ya unga, nani amekufa. Nilimweleza kwamba natafuta habari za wale wa kwanza, na pia wanyama wa pwani hii.

"Nyama haiko tena, mwanangu," alisema. "Ilikwishaka. Ukitaka tembo, baba yangu hakuiona. Baba ya baba yangu njo aliona."

Hesabu ya mzee haiko mbali na maandishi. Tembo waliobaki Katanga leo wako Upemba, hifadhi iliyoundwa mwaka 1939, magharibi ya mbali, na huko ndiko walikobaki pia pundamilia wa porini wa mwisho wa Kongo. Kundelungu, hifadhi tangu 1970, ingeweza kuwa daraja kati ya Upemba na ziwa. Uwanda wake una nyasi za kuwatosha, na wazee wa pande zote mbili bado wanasimulia walivyoambiwa habari za makundi yaliyopita zamani. Tangu 2017 kazi ya kuifufua Upemba imekuwa ikiendeshwa kwa ushirikiano wa taasisi ya hifadhi ya taifa, ICCN, na Forgotten Parks Foundation, na walinzi kadhaa wameuawa wakiifanya. Ng'ambo, Zambia wana Mweru Wantipa, hifadhi ya taifa tangu 1972. Kati ya hifadhi hizo za pande mbili hakuna eneo la pwani yetu lililolindwa kwa ajili ya ndege, pimbi na miti ya magenge. Nadhani ni kosa, na ni kosa linaloweza kusahihishwa kwa gharama ndogo wakati watu bado ni wachache na barabara bado ni mbaya. Mazungumzo ya barabara ya kulipia kutoka Kasomeno hadi Mwenda, pamoja na daraja juu ya Luapula, yamekuwapo kwa miaka. Malori ya shaba yakianza kupita kwa wingi, makala na mbao zitayafuata.

Lakini kuhusu watu mzee alikuwa na mengi zaidi. Alinionyesha kwa mkono jinsi mji ulivyogawanyika: huku walikaa wa asili ya Uluba, kule Wasanga, pale waliosemekana walitoka mbali sana, upande wa Angola, na hakuna aliyewaelewa lugha yao hadi watoto wao walipokua. Alitaja majina ya koo. Mengine aliyataja upesi, mengine alifunga macho akayatafuta. Alipofika mahali fulani alinyamaza, akamwita mkewe, akamwuliza, naye akaliokoa jina moja, la mwanamke aliyefika na watoto wawili wasiokuwa wake. Niliandika yote. Katika Thinking Black sikumbuki kuliona hata moja.

Usiku nilirudi ukingoni. Wavuvi wa chisense walikuwa wametoka. Chisense ni kidagaa cha ziwa hili, kinachofuata mwanga. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, kidagaa kikapanda, nyavu zikakizingira. Biashara yake ilikua tangu miaka ya 1980, baada ya samaki wakubwa kupungua, na wanawake ndio walioibeba: wanakinunua mashuani alfajiri, wanakianika mchangani siku hiyohiyo, na kwa kuwa ni chepesi na hakiozi upesi kinafika hadi Katuba na Kolwezi bila barafu. Zambia hufunga uvuvi ziwani kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Usiku ule sikuweza kutambua taa zipi ni za Kongo na zipi ni za Zambia. Zilijaa upeo wote.

Kutoka Luanza nilikwenda hadi Pweto, ambako ziwa linatokea kwa mto Luvua na maji kuanza safari ya kwenda Lualaba. Pweto sitaieleza sana. Mandhari ya mdomo wa mto yanastahili makala yake. Nitaje tu Desemba 2000, wakati mji ulipotekwa katika vita kubwa ya Kongo ya miaka ile, na maelfu ya watu, raia na askari pamoja, walipokimbilia Zambia. Wengi waliishi miaka katika makambi ya Kala na Mwange. Kuanzia 2007 wakaanza kurudishwa. Mama mmoja aliyekuwa akianika chisense ufukoni, ambaye alikimbia akiwa msichana na kurudi akiwa na watoto, alinieleza kwa ufupi: "Tuliendaka na mayi, tukarudia na mayi." Nilimwuliza kwao hasa ni wapi. Akasema Luanza. Nikamwuliza kabla ya Luanza. Akacheka, akasema bibi yake alikuwa akitaja Bunkeya, lakini yeye alidhani ni jina la kijiji cha hadithi.

Nilimfungulia daftari nikamsomea majina aliyonipa mzee. La ukoo wake lilikuwamo, la nne kutoka juu, na chini yake mzee alikuwa ameniambia niache nafasi kwa sababu kuna tawi lililohamia mjini, kufanya kazi ya reli, ambalo habari zake hazikurudi. Nafasi kama hizo ziko nyingi katika daftari. Watu wa Luanza wamekuwa wakiteremka kuja Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kwa zaidi ya miaka mia, wakaingia makambini, wakawa Wakatanga kama wengine. Msomaji ambaye nyumbani kwao bibi au babu aliwahi kutaja Mweru, Luanza au Konga Vantu, amwulize huyo mzee wake sasa, angali yupo: ukoo wenu ulitoka kijiji gani kabla ya kuletwa Bunkeya, na nani alitembea nao?